Sura ya Sita: Dhamana ya Kituo cha Afya

Ikitajwa Kasongo mbele ya wasomi wa tarehe, fikira zao hukimbilia pembe za ndovu na misafara ya Ujiji, Hamed bin Muhammed el-Murjebi aliyepewa lakabu ya Tippu Tip, mwanawe Sefu, mashamba ya mpunga yaliyofuata nyayo za Waungwana wa misafara hiyo, na vita vya 1892 hadi 1894 ambamo askari wa Mfalme Leopold waliuteka mji huo mwezi wa Aprili 1893, kisha wakaifikia Kabambare mwaka uliofuata. Habari hiyo ni kweli, na wazee wa Maniema huisimulia hata leo kwa fahari iliyochanganyika na majonzi. Walakini katika madarasa ya afya ya umma ya Antwerp na Kinshasa jina hilo hilo husomwa kwa sababu nyingine, ambayo nadhani vijana wengi wanaopita kila siku mbele ya hospitali kuu ya Kasongo hawajapata kuambiwa: ya kwamba hapa, katika miaka ya 1970, ilichorwa sehemu kubwa ya ramani ambayo nchi nyingi za Afrika hutumia mpaka leo kupanga vituo vya afya na hospitali zake.

Nimeanza kwa tarehe kwa makusudi. Kijana anayekusudia kuishi kwa kazi ya kuendesha kituo cha afya aghalabu huambiwa kwamba hiyo ni kazi ya makaratasi, kazi ya mtu ambaye udaktari umemshinda, naye huiingia kwa unyonge, akihesabu siku za kuhamishiwa ofisi ya jimbo iliyoko Kindu au ya Kinshasa, ambako anadhani ndiko maisha yanakoanzia. Laiti angalijua kwamba fani anayoidharau ilipata sura yake katika vijiji vya jamaa zake, mikononi mwa wauguzi waliosafiri kwa baiskeli katika njia za Nyangwe na Samba, pengine angalikaa kitini kwa namna nyingine.

Mradi wa Kasongo uliasisiwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano wa Zaire ya siku zile, yaani Kongo ya leo, na Ubelgiji, ukiongozwa kitaalamu na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, walikofundisha Pierre Mercenier na Harrie Van Balen. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka na zito kulijibu: hospitali moja iliyo mjini, yenye madaktari wachache na dawa chache, itawezaje kuwafaa watu ambao wengi wao hukaa mwendo wa siku nzima au zaidi, na ambao wakifika hukuta foleni ya wakazi wa mjini wenye mafua na vidonda vidogo imekwisha kuwatangulia? Jibu lililopatikana, baada ya majaribio na mabishano mengi, ni kwamba hospitali isiwe mlango wa kwanza. Vijengwe vituo, kila kimoja kwa watu wapatao 10,000. Katika kila kituo awepo mwuguzi anayetibu, anayechanja, anayewaangalia waja wazito na watoto, na anayezijua nyumba za eneo lake kama karani mwema azijuavyo hesabu zake. Hospitali iwapokee wale tu ambao kituo kimekiri kwamba hakiwezi kuwatibu. Na timu moja isimamie vituo na hospitali pamoja, ili pasiwe na serikali mbili za afya zinazoshindana katika nchi moja.

Jambo hilo leo laonekana la kawaida, na ukawaida huo ndio ushahidi wa kushinda kwake. Mkutano wa Alma-Ata ulipolitangazia ulimwengu mwezi wa Septemba 1978 habari ya afya ya msingi, Kasongo ilikuwa imekwisha kuwa na miaka kadhaa ya kuyatenda yale ambayo wajumbe walikuwa wakiyajadili. Na katikati ya miaka ya 1980 Zaire nzima iligawanywa kwa mfano huo katika zoni za afya 306, kila moja na vituo vyake na hospitali yake, ambazo baadaye zilimegwa na kuongezwa hata zikafika 519. Maniema peke yake ina zoni 18, zikiwamo Kasongo, Kunda na Samba, na kwa upande wa mashariki Kabambare, Lusangi na Saramabila. Waliopita katika mradi ule hawakupotea gizani. Dakta Pangu Kaza Asila aliandika juu yake tasnifu aliyoiwasilisha Brussels mwaka 1988, akishikilia kwamba afya kwa wote inawezekana. Na Wim Van Lerberghe, aliyefuatilia vifo na ukuaji wa watoto wa mji wa Kasongo, ndiye aliyekuja kuongoza uhariri wa ripoti ya mwaka 2008 ya Shirika la Afya Duniani, iliyohusu afya ya msingi tangu mwanzo hata mwisho.

Katika kazi zote zilizotoka Kasongo, mashuhuri kuliko zote ni uchunguzi wa chanjo ya surua uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1981. Watoto waliochanjwa walikufa kwa uchache kuliko wasiochanjwa katika umri wa miezi 7 hadi 35, jambo lililotarajiwa. Lakini watafiti walidokeza kwamba sehemu ya faida hiyo huenda ikaliwa baadaye, kwa kuwa mtoto dhaifu aliyeokolewa asife kwa surua hubaki katika nyumba ile ile, penye utapiamlo ule ule na malaria ile ile, na akifika hapo bila ya kituo cha kumpokea kifo kitamtafuta kwa mlango wa pili. Wataalamu wengine waliipinga rai hiyo kwa nguvu, akiwamo Peter Aaby aliyefanya kazi Guinea-Bissau, ambaye hesabu zake zilionyesha kinyume, yaani kwamba chanjo ya surua huokoa watoto wengi kuliko wale ambao surua yenyewe ingaliwaua. Mimi si hakimu wa mabishano yao, na kwa kadiri nionavyo Aaby amepata wafuasi wengi zaidi. Hata hivyo mtu wa utawala hawezi kuipuuza hoja ya Kasongo, maana ndani yake mna amri inayomhusu yeye kuliko daktari: usimhesabu mtoto mara moja kwa chanjo, kisha ukamsahau.

Amri hiyo ndiyo inayotimizwa na chombo ambacho, lau ningalitakiwa kuonyesha kitu kimoja tu cha kazi hii, ningalikionyesha hicho. Ni sanduku la mbao la kawaida, refu kuliko upana wake, ambalo seremala yeyote wa mjini huweza kulitengeneza, limegawanywa kwa vibao vyembamba kulingana na miezi ya mwaka, na mwezi wa sasa umegawanywa tena kwa majuma. Mama mwenye mimba akifika kwa mara ya kwanza huandikiwa kadi, na kadi hiyo hairudi kabatini, bali huwekwa katika juma ambalo anatakiwa kurejea. Mgonjwa wa kifua kikuu kadhalika. Mtoto aliyepata chanjo ya kwanza kadhalika. Siku ya miadi ikifika, kadi za wale waliokuja huondolewa na kusogezwa mbele kwenye miadi inayofuata, na jioni, mlango ukifungwa, kadi zilizobaki katika juma lililokwisha ndizo watu ambao kituo kimewapoteza. Hapana haja ya kompyuta, hapana haja ya umeme, wala ya mkaguzi kutoka Kindu: sanduku lenyewe linasema kwamba mke wa fulani, wa kijiji fulani kilicho ng'ambo ya mto, alitarajiwa Jumanne na hakuja. Mwuguzi hutoa kadi ile, humpa mhamasishaji wa kijiji, yule wanayemwita RECO, naye hwenda kubisha hodi.

Nimeona mahali ambapo sanduku hilo lipo lakini kadi zake zimekauka na kushikana kwa vumbi, kwa kuwa aliyeachiwa kazi aliambiwa habari za fomu za mwisho wa mwezi tu, ambazo huulizwa na wakubwa, na hakuambiwa habari za sanduku, ambalo haliulizwi na mtu isipokuwa mgonjwa aliyesahauliwa. Hapo ndipo pa kutofautisha mtawala na mjazaji wa fomu. Tangu taarifa za afya za nchi zianze kukusanywa kwa programu ya DHIS2, idadi za kila kituo huingizwa katika ofisi ya zoni na kusomwa Kinshasa, nayo ni neema kubwa. Lakini idadi inayosomwa Kinshasa imekwisha kuvuliwa majina, na bila ya jina hapana mlango wa kubishwa.

Baada ya hesabu ya sanduku, hesabu ya pili ambayo anayeanza kazi hana budi kuijua kwa moyo ni ya watu wa eneo lake. Kanuni inayotumika Kongo ni kukadiria waja wazito kuwa 4 katika kila watu 100 kwa mwaka. Basi eneo lenye watu 10,000 lina waja wazito 400, yaani 33 au 34 kila mwezi. Mwisho wa mwezi daftari likionyesha wapya 12, mtawala hasemi kwamba kituo kimefanya kazi njema kwa kuwahudumia 12. Husema kwamba 21 wako mahali fulani na yeye hajui ni wapi, kisha huuliza wanatoka vijiji vipi wale waliokuja, na ramani ikimwonyesha kwamba wote ni wa upande huu wa mto, amekwisha kupata nusu ya jibu. Kadhalika kwa wagonjwa: tukitarajia kwamba kila watu wawili watafika kituoni mara moja kwa mwaka kwa ugonjwa mpya, hao ni 5,000 kwa mwaka, au 16 kwa kila siku ya kazi. Kituo kinachopokea 4 kwa siku kina shida ya bei, au ya dawa, au ya ulimi wa mpokeaji, na kati ya hizo tatu ya mwisho ndiyo isiyoandikwa katika ripoti yoyote.

Lakini 10,000 hao wamehesabiwa na nani? Sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanywa mwaka 1984, na kila idadi iliyotumika tangu siku hizo ni makisio juu ya makisio. Katika teritwari ya Kabambare, hususan pande za Saramabila ambako dhahabu ya Namoya huvuta wachimbaji kutoka kila upande na mapigano ya makundi yenye silaha hufukuza watu vijijini, eneo la afya laweza kujaa au kubaki tupu katika muda wa miezi michache, ilhali karatasi ya zoni bado inasoma ile ile. Kituo kikipewa chanjo kwa idadi ya karatasi, watoto wa wachimbaji hukosa. Kikihukumiwa kwa idadi ya karatasi, mwuguzi ambaye watu wake wamekimbilia msituni huonekana mvivu. Kwa sababu hiyo mtawala mwerevu huwatuma RECO wake kuhesabu kaya nyumba kwa nyumba, hulihifadhi daftari hilo kwa tarehe na saini, na hulipeleka kwa dakta mkuu wa zoni pamoja na barua, si kwa malalamiko ya mdomo.

Dawa zahitaji maelezo marefu zaidi, maana watu huja kituoni kwa ajili yake, na zikikosekana hapana hotuba itakayowarejesha. Kila dawa ina kadi yake ya akiba: tarehe, iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Tuseme vidonge vya paracetamol vilivyotoka katika miezi mitatu ni 2,700, 3,300 na 3,000. Wastani ni 3,000 kwa mwezi. Ikiwa dawa iliyoagizwa huchukua mwezi mmoja kufika, na busara yataka mwezi mmoja wa akiba ya tahadhari, basi siku vitakapobaki 6,000 ndiyo siku ya kuandika agizo, wala si siku chupa itakapotikiswa ikasikika tupu. Hayo hufundishwa katika kila shule. Lisilofundishwa sana ni namna wastani unavyodanganya. Mwezi ambao dawa ilikwisha tarehe 20, kadi huonyesha kwamba vilitoka 2,000 tu. Mtu asiyetafakari huagiza kwa 2,000, na mwezi unaofuata dawa hukwisha mapema tena, naye huagiza kwa uchache zaidi, hata kituo kikawa kimejizoesha njaa kwa mkono wa karani wake mwenyewe. Sharti wastani uhesabiwe kwa siku ambazo dawa ilikuwepo.

Na mwezi mmoja wa kungojea ni wa kiangazi. Mvua zikishika, njia za Kasongo na Kabambare huwa matope yanayomeza magurudumu, madaraja ya magogo huchukuliwa na maji, na mzigo uliokuwa ukifika kwa pikipiki hulala njiani kwa majuma. Reli inayopita Samba kutoka Kindu kuelekea Kongolo husaidia garimoshi linapopita, na si desturi yake kupita kwa saa. Maadam ni hivyo, agizo la kabla ya masika haliwezi kuwa sawa na agizo la kiangazi: badala ya kuagiza akiba ikifika 6,000, huagizwa ingali 9,000. Mtu wa Antwerp ataiandika kanuni. Mtu wa Kasongo ndiye ajuaye mto upi hujaa kwanza.

Kuhusu fedha nitasema kwa kifupi, si kwa udogo wake bali kwa kuwa kanuni zake ni chache na adui zake ni wale wale siku zote. Anayeandika dawa asipokee pesa. Kila kinachopokewa kipewe stakabadhi. Mtaji wa dawa usiguswe kwa ajili ya posho, hata kwa kukopa, hata kwa siku tatu. Bei iwe moja kwa tukio zima la ugonjwa, ili mgonjwa ajue tangu mlangoni atakacholipa, na mwuguzi asiwe na tamaa ya kuongeza sindano ili kuongeza pato. Ugumu uko katika misimu: mkulima wa mpunga ana faranga baada ya mavuno na hana kitu wakati wa kupalilia, ilhali malaria haingoji mavuno, na dawa hununuliwa kwa bei zinazofuata dola, huku mgonjwa akilipa kwa faranga ambazo thamani yake huyeyuka. Wenzetu wa Bwamanda, katika Équateur ya zamani, waliliona hilo mapema, na mwaka 1986 waliasisi bima ya hospitali ambayo ada yake ilikusanywa katika majira watu wanapouza mazao, ili aliyejiandikisha akilazwa alipe sehemu ndogo tu ya gharama. Sioni sababu ya kuzuia jambo kama hilo lisijaribiwe kwa mpunga wa Kasongo, isipokuwa kwamba lahitaji watu kumwamini anayeshika sanduku la fedha.

Imani hiyo haijengwi na mtu peke yake ofisini. Kila eneo la afya lina kamati yake ya wenyeji, iliyoitwa COSA zamani na CODESA sasa, ambayo kwa kanuni huona hesabu za kituo kila mwezi. Kwa kanuni, nasema, kwa sababu ni rahisi mno kuigeuza kamati kuwa mhuri: mwenyekiti huitwa dakika ya mwisho, husomewa tarakimu kwa Kifaransa, hutia saini, hunywa soda, hurudi nyumbani. Mtawala anayetaka kudumu hufanya kinyume. Huweka mkutano siku isiyo ya soko, wala haupangi Ijumaa adhuhuri katika mji ambao wengi wa wanakamati watakuwa msikitini, huandika mapato, matumizi, dawa zilizoingia na zilizobaki kwa chaki ubaoni, huyasema kwa Kiswahili kile kile ambacho watu hununulia mihogo, kisha hunyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa vijana. Lakini baada yake mzee mmoja husema, kwa taratibu, “Muganga, tulisikia kartoni nne zilishuka kwa pikipiki, na ubao unasema tatu. Ya nne iko wapi?” Na kijana akiweza kujibu, “Ya nne ni ya kituo cha jirani, Baba, na hii hapa barua waliyoipokelea,” amepata mbele ya watu wote kitu ambacho shahada haitoi. Asipoweza kujibu, heri ajue siku hiyo kuliko mwaka utakaofuata.

Sasa njia yenyewe ya kupanda. Wengi huanza na shule ya uuguzi ya sekondari, hutoka na daraja la A2, huwekwa chini ya mwuguzi mkuu wa kituo, ambaye kila mtu humwita IT, na baada ya miaka huwa IT wenyewe. Wengine hupitia vyuo vya juu vya ufundi wa tiba, viitwavyo ISTM, ambako kuna tawi la uendeshaji wa mashirika ya afya, na hao ndio wanaotafutwa kushika nafasi ya mtawala katika hospitali au katika ofisi kuu ya zoni, nafasi iandikwayo AG. Toka zoni mtu aweza kuitwa katika Divisheni ya Afya ya Jimbo, iliyoko Kindu, kuwa mlezi wa zoni kadhaa. Na wachache huenda Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa kwa shahada ya juu. Njia hizi mbili, ya mwuguzi aliyejifunza hesabu na ya msomi wa hesabu aliyejifunza afya, hukutana mezani kwa dakta mkuu wa zoni, na si nadra kutazamana kwa jicho la pembeni. Kama ningeulizwa ushauri, ningemwambia msomi wa hesabu akae kituoni mwaka mzima kabla ya kushika ofisi ya zoni, akiandika daftari la mapokezi kwa mkono wake, maana sijaona mtu aliyewahi kusimamia vema vituo ambavyo hakupata kusikia watoto wakilia ndani yake saa mbili asubuhi.

Pana mtego mmoja ninaotaka kuutaja kwa jina lake, nao ni mradi. Miradi huja Maniema na fedha, pikipiki, semina na posho za safari. Mmojawapo uliokuwa mkubwa, PDSS wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2014, uliiweka Maniema miongoni mwa majimbo yake na kuleta malipo kwa matokeo: kituo hulipwa kwa kila huduma iliyothibitishwa, na vyama vya wenyeji hutumwa vijijini na majina yaliyochaguliwa kutoka daftarini, kuuliza kama kweli mama fulani alijifungulia pale, kama alilipa, kama aliridhika. Kwa insafu, jambo hilo liliwatia adabu wengi waliozoea kuandika wagonjwa hewa. Lakini mradi una mwisho ulioandikwa tangu siku ya kwanza, na nimewaona vijana hodari waliofanya mradi kuwa kazi yao na kituo kuwa kazi ya mradi. Fedha zilipokoma, waliacha daftari wazi katika ukurasa wa mwezi ule. Jifunze kwa mradi yote unayoweza, vaa fulana yake ukipewa, lakini maarifa yako yawe ya kitu kitakachobaki: sanduku la miadi, kadi ya akiba, ubao wa kamati.

Nani alibaki wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, Kasongo ilipokatwa na nchi nyingine, na vijiji vya njia ya Kabambare vilipokuwa vikihamia msituni? Miradi mingi haikuweza kubaki. Waliobaki ni wauguzi na makarani wa mahali hapo, waliofunga madaftari katika mifuko ya nailoni na kwenda nayo walikokwenda watu, kwa kuwa walijua kwamba mgonjwa wa kifua kikuu aliyemeza dawa miezi minne hawezi kuanza upya kwa sababu tu jengo limechomwa.

Na hapa yapo maneno ambayo sikuyaelekeza kwa kijana bali kwa wenye mamlaka. Wengi wa watu hao, na wengi wa walio vituoni leo katika teritwari za Kasongo na Kabambare, hawana matrikile ya serikali, yaani namba ya mtumishi. Huitwa wapya ijapokuwa mvi zimewatoka, hawalipwi mshahara, hugawana kinachobaki katika mapato ya kituo baada ya dawa, na mwezi mbaya hawagawani kitu. Sheria ya afya ya umma ya Desemba 2018 ni ndefu na nzuri, nayo imeiweka zoni ya afya mahali pake. Lakini serikali inayomkabidhi mtu mtaji wa dawa za watu 10,000, ikamtaka asiuguse hata akiwa na njaa, yapasa kwanza imtambue kwamba yupo. Kabla ya kununua gari jingine la ofisi ya jimbo, kabla ya semina nyingine juu ya utawala bora, waandikishwe wale ambao hesabu zao zimesimama ubaoni mbele ya wenyeji mwaka baada ya mwaka bila ya kartoni moja kupotea. Majina yao hayahitaji kutafutwa na tume. Kila kamati ya eneo la afya inayo.